Mkwe wa Kiti cha Mbele

Ukiachia usukani wa gari lile kwa pumzi moja tu, lilikwenda kushoto. Jambo hilo halikumshtua mtu. Gari lenyewe lilikuwa limezeekea Japani likaja kumalizia uzee wake Rungwe, na kizee gani hakina upande wake wa kuchechemea? Meshaki alikuwa amelinunua Dar es Salaam kwa kiinua mgongo chake, mwaka ule kiwanda cha chai kilipopata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaona wafanyakazi wamezidi. Zilikuwa zama za ruksa. Kila kitu kiliingia nchini, redio, sabuni za harufu, viatu ambavyo hujui mwenyewe wa kwanza alikufa kwa nini, na watu walinunua bila kuuliza kilichomo ndani. Majini? Hayo yalikuwa mambo ya pwani. Watu wa Tukuyu walikuwa na wafu wao wenyewe wa kuwasumbua, tena wa kutosha, na hakuna aliyefikiri kwamba jini nalo laweza kuja kwa mtumba.

Lilikuwa gari la familia, pana, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Sekela, mke wa Meshaki, alilipenda tangu siku ya kwanza. Aliuza ndizi na maparachichi katika gulio la Kiwira, na mgongo wake ulikuwa umechoka kupanda juu ya mizigo ya malori ya watu. Taabu ilikuwa moja tu, nayo ni baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa desturi, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Mkamwana hamsalimii mkwe, hali naye, wala halitaji jina lake. Kanisani, Sekela akifika kwenye ubeti wenye neno linalokaribiana na jina lile, alifumba mdomo akawaachia wenzake waimbe. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo, lakini mzee wa Kisondela hakulegeza hata uzi mmoja. Na mzee huyo alikuwa na kidonda mguuni, cha kusafishwa kila Alhamisi katika hospitali ya misheni iliyo mbele ya Kiwira, siku ile ile ya gulio la mkamwana wake. Basi Meshaki akafanya jambo la akili. Alitundika blanketi zito nyuma ya viti vya mbele, toka juu hadi chini. Mkwe akae mbele kushoto, mkamwana akae nyuma na ndizi zake, na heshima ibaki mahali pake.

Ukawa ndio utaratibu. Alfajiri ya Alhamisi Meshaki aliteremka Kisondela kupakia ndizi, pamoja na Lilian, kitinda mimba wao, ambaye hakuwa ameanza shule. Wakirudi mjini Tukuyu alisimama nje ya nyumba yao mtaa wa Bagamoyo, akapiga honi. Sekela alitoka amejitanda kanga, macho chini, akasukuma mlango wa ubavuni akaingia. Kiwira alishushwa yeye kwanza, gari likaendelea na safari ya hospitali. Jioni walimpitia sokoni, wakamshusha tena yeye kwanza nyumbani. Kwa hiyo hakumwona mkwe akipanda wala akishuka, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Alimsikia tu. "Mm," mzee aliguna gari likiingia shimoni. Alitafuna kitu njia nzima, polepole, kwa kinywa chenye mate mengi, kama watafunavyo watu wasio na meno. Na Lilian, aliyekuwa akipakatwa huko mbele, alicheka na kusema, "Babu, acha! Unanitekenya!" Sekela alitabasamu nyuma ya blanketi. Mjukuu na babu hawana mpaka, alijiambia, acha wafaidiane.

Halafu, mvua za masika zilipoanza, ikaja harufu.

Mwanzoni ilikuwa tamu, ya ndizi iliyosahaulika uvunguni. Baadaye ikawa ya bandeji iliyokaa wiki nzima juu ya usaha. Ililoweka blanketi, ikaingia kwenye kanga za Sekela, ikakaa kwenye ngozi ya maparachichi, mpaka wanunuzi wa Kiwira wakawa wanalishika tunda, wanalinusa, wanalirudisha na kufuta vidole kwenye nguo. Sekela alijua, au alidhani anajua, harufu ile inatoka wapi. Ni kile kidonda. Akakunja pua gizani mwake huko nyuma, na papo hapo akaona haya kwa kuikunja. Kinyaa kwa baba mkwe ni aibu kubwa, na kumwambia mumeo kwamba baba yake ananuka ni aibu kubwa zaidi. Basi akanyamaza, akapumua kwa mdomo, na ule uvundo akaumeza hivyo hivyo.

Usukani nao ulizidi. Baada ya kuvuta kushoto ukawa mgumu, Meshaki akikata kona mishipa ya shingo inamsimama. Kisha ukaanza kulia, sauti nyembamba ya kichanga kilichokosa ziwa, kila ulipokatwa kulia. Ukikatwa kushoto, kimya. Mafuta ya usukani yalivuja, yakaongezwa, yakavuja tena. Baadaye usukani wenyewe ukaanza kutoa jasho, ute mwembamba wa kunata, ambao Meshaki aliufuta kwa tambara kwa siku chache, halafu akaacha kuufuta. Jioni moja Sekela alimtengea chakula, akamwona anamega ugali, na baina ya tonge na vidole vyake kukavutika uzi mrefu wa ute, unang'aa kwa taa ya chemli.

"Nawa basi, baba Lilian."

"Nimenawa," alisema Meshaki, akalitia tonge mdomoni.

Sekela alitoka akatapika nyuma ya jiko. Aliporudi mume alikuwa analamba vidole.

Na Lilian? Nywele za kisogoni zilikuwa zimeanza kukatika. Kila jioni ya Alhamisi zilirudi zimelowa na kugandamana, na chini yake ngozi ilikuwa laini, nyeupe, inateleza ukiigusa. Mapunye, Sekela alisema, akampaka dawa. "Ni babu," alisema mtoto, na mama yake akamchapa kofi dogo kwa kumsingizia mtu mzima.

Jumatano moja gari lilikuwa kwa Edward, fundi mwenye banda lake karibu na stendi, mzaliwa wa Kisondela kama Meshaki. Sekela alimpelekea mumewe chakula akakuta ametoka kutafuta kipuri. Edward alikuwa chini ya gari. Alipomsikia alijivuta nje, na Sekela akaona kwamba mtu huyu, anayeshinda kwenye oili chafu tangu ujana wake, alikuwa anajipangusa mikono kwa mchanga, tena na tena, bila kuridhika.

"Shemeji, njoo uone kitu. Nimebadilisha tairodi zote mbili. Boljointi mpya. Upepo kwenye matairi uko sawasawa. Usukani ukivuta upande, ni hayo ndiyo unayatazama. Bado unavuta. Nikasema ngoja nifungue boksi la usukani."

Alimwonyesha karai. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, mzito, wenye mapovu madogo yanayopasuka, na katikati yake nywele fupi nyeusi zimesokotana kuwa kibumba. Edward alikigeuza kwa bisibisi. Vikajitokeza vipande vyeupe vyembamba, vimepinda. Kucha.

"Nilifikiri panya," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Panya ana kucha hizi?"

Sekela alijiziba pua kwa kanga. Harufu ilikuwa ile ile.

"Halafu springi ya kushoto imelala kabisa. Na kile kiti cha mbele kimebonyea mpaka kwenye chuma. Shemeji, huyu mnayempakia pale ana uzito gani?"

Sekela alishusha macho. "Ni mzee wa Kisondela," alisema, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita.

Edward aliacha kujipangusa. "Mzee yupi? Baba yake Meshaki?" Alitazama barabarani, akamsogelea, akanong'ona. "Shemeji, mzee yule Alhamisi yote iliyopita alikuwa anapalilia kahawa yake, nilikuwa naye. Kidonda kilipona kabla ya masika. Gari hili amelipanda siku moja tu, akaomba ashushwe njiani, akarudi kwa miguu. Alisema lina mwenyewe. Sasa pale mbele huwa anakaa nani?"

Sekela alikuwa anakumbuka kila guno, kila kikohozi, kila tafuno, na mtoto wake amekaa kwenye mapaja ya kitu kile, anacheka.

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa bibi Imakulata, mzee Mkatoliki aliyeishi miaka mingi Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na aliyerudi na rozari pamoja na mambo mengine ambayo padri hakuyauliza. Watu walimwendea kwa siri, hasa wale waliomsema kwa sauti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate mlangoni.

"Hilo la pwani, mwanangu. Wafu wetu sisi wana adabu, wanataka pombe na kukumbukwa, basi. Hilo linakula heshima. Jini hilo mmelipatia kiti. Mmelipa pazia. Mmelipa na mtoto wa kupakata. Na hakuna wa kulitazama! Litapata wapi tena raha kama hiyo?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Mchana, likiwa limekaa, vuta blanketi. Litazame usoni. Liambie, wewe si mkwe wangu, shuka. Utaona kinyaa mpaka utumbo ukugeuke, lakini usifumbe macho. Basi, litashuka." Imakulata alimshika mkono. "Na jina la mkwe wako usilitaje. Mpaka sasa limeazima kiti chake tu. Jina bado hamjalipatia."

Sekela karibu acheke kwa uchungu. "Bibi, jina lile sijalitaja tangu niolewe."

"Ndiyo maana nakwambia."

Jioni Meshaki aliporudi na gari, kabla hata hajakaa, Sekela alimuuliza kwa kunong'ona. "Baba hapandi gari letu?"

Meshaki aliinamisha kichwa. "Aliniambia niliuze. Nimuuzie nani? Kiinua mgongo changu chote kiko pale. Na mimi pale mbele sioni mtu wala sisikii kitu, ila Lilian akicheza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mke wangu, umewahi kuniuliza habari za baba?"

Hakuwahi, na hakupaswa. Sekela aliona jinsi heshima yao njema, waliyoilinda vizuri hata wageni wakawasifu, ilivyokuwa imefunika uozo ule kwa miezi. Alihisi hasira, na zaidi ya hasira alihisi kujichukia, maana pua yake ilikuwa imemwambia mapema na yeye ameinyamazisha.

"Lilian hapandi tena gari lile," alisema. "Na wewe kesho usiende."

"Ndizi zimeshakatwa, zitaoza. Nitakwenda peke yangu. Lilian abaki."

Lakini alfajiri, Sekela alipokwenda kumgeuza mtoto kitandani, alikuta shuka tupu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na gari lilikuwa limeshaondoka. Alikaa uani kwenye manyunyu, akisali na kuacha, mpaka honi ilipolia.

Meshaki alikuwa mweupe midomo. "Nimemkuta mbele, nimeshafika Kisondela," alisema dirishani. "Nikimvuta ashuke analia kama namchuna ngozi. Kiti hakimwachii."

Sekela alisukuma mlango wa ubavuni, akaingia. Blanketi lilikuwa mbele ya uso wake, limeota ukungu wa kijani, linapanda na kushuka taratibu kwa pumzi ya kitu kilichokuwa nyuma yake.

Gari liliteremka kuelekea Kiwira. Ukungu ulikuwa umeshika bonde, lakini ilikuwa asubuhi, mwanga wa kutosha kuona majani ya migomba. Usukani ulilia, Meshaki akausukuma kulia kwa mwili mzima, nao ukarudi kushoto, kushoto, ambako kingo za barabara zilikuwa zimekatika na bonde likaanza. Mbele, kitu kilikuwa kinatafuna. Sekela aliinua mkono kushika blanketi, na mkono ukakataa. Umefundishwa tangu usichana kwamba nyuma ya pazia kuna baba mkwe na kwamba macho yako hayana kazi huko, na ingawa kichwa kinajua kwamba mzee yuko shambani kwake, mkono haujui, mkono unasema je kama fundi amekosea, je kama ni yeye kweli, utaiweka wapi sura yako, na wakati mkono unasema hayo Lilian akacheka tena kule mbele, kicheko cha mtoto aliyechoka ambaye hataki tena kutekenywa lakini hajui kuomba aachwe, na ndipo Sekela akavuta kwa mikono miwili, blanketi likachanika toka kwenye misumari yake, na akaona.

Kilikaa kama akaavyo mzee, miguu wazi, kikijaza kiti na kumwagika pembeni mwake, rangi ya unga uliochacha, na ngozi yake ilikuwa inatembea juu ya kitu kingine kilicho chini, na mahali pa uso palikuwa na mdomo tu, mpana, usio na jino, uliokuwa umeziingiza nywele za kisogo cha mwanawe ndani mpaka mwisho na unazimung'unya, mate ya kijivu yakiteremka mgongoni mwa gauni la mtoto, na mkono wake wa kulia ulikuwa mrefu kupita mikono yote, umepita juu ya mapaja ya Lilian, ukaenda mpaka kwenye usukani, ukalala chini ya mikono ya Meshaki, vidole ndani ya vidole, vimekunjamana na kulowa kama vya mtu aliyekaa mtoni siku nyingi, na ndivyo vilivyokuwa vinavuta.

Matapishi yalimpanda Sekela hadi kooni. Hakufumba macho.

"Wewe si..." alianza, na mdomo ule ukaziachia nywele, ukamgeukia, ukamtemea usoni pumzi ya karai zima la Edward, na maneno ya Imakulata yakamtoka kichwani yote kwa pamoja. Tairi la kushoto lilikuwa limeshaingia kwenye majani. Meshaki alipiga ukelele. Sekela alitafuta kitu cha kulitupia jini lile, kitu kizito kuliko mawe, tusi la kulivua heshima yote waliyolivisha, na katika maisha yake yote ya adabu lilikuwepo neno moja tu zito kiasi hicho, neno ambalo hakuwa amelitamka tangu siku aliyovishwa pete.

"Shuka!" alipiga kelele. "Shuka, Ambindwile!"

Usukani ukanyamaza. Gari likasimama, tairi moja limening'inia. Kile kitu kilifunga mdomo wake polepole, kama anayeonja. Kisha kikasema, kwa sauti safi ya mzee wa Kinyakyusa anayepokea zawadi, "Ndaga, mwanangu. Asante." Mlango wa mbele ulifunguka, upande wa kushoto wa gari ukainuka, na majani ya migomba yakagawanyika kuteremkia upande wa Kisondela, bila mtu kuonekana.

Walilia wote watatu, wakiwa wameshikana. Harufu ilikuwa imekwisha. Meshaki aliosha mikono kwenye mfereji mpaka ngozi ikawa nyekundu, akarudi akalitoa gari majanini, na usukani ukamfuata kwa kidole kimoja. "Umeona?" alisema, akicheka na kulia. "Umeona, mke wangu?" Sekela alimpakata Lilian kule nyuma, akimfuta kisogo kwa kanga yake, na furaha yake ilikuwa na mwiba mmoja tu. Alikuwa amelitaja jina la mkwe. Kosa hilo lina desturi yake. Unakwenda kuungama kwa mzee, mume anasema kwa niaba yako, na wewe unasubiri migombani huku umempa kisogo. Akaona ni heri wakamalize siku ile ile.

Kisondela mvua ilikuwa imeacha. Meshaki alitangulia uani kumtafuta baba yake. Sekela aliingia migombani na Lilian mkononi, akageukia mlima, akainamisha kichwa. Alisikia mumewe anaita mlangoni, "Taata! Taata!" bila kujibiwa.

Halafu alisikia hatua. Zilikuwa zinakuja kwake. Alisubiri zisimame, maana lazima zingesimama. Mzee akishamwona mkamwana hupinda njia. Hazikupinda. Zilizunguka mgomba, zikaja mbele yake kabisa, na miguu ya baba mkwe, ule wenye kovu na ule mzima, ikasimama mbele ya miguu yake.

"Niangalie," alisema mzee kwa upole.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Sekela alimwona usoni. Alikuwa mzee mzuri, mwenye macho mepesi, yanayomtazama wima bila haya yoyote. Mdomo wake ulikuwa unatafuna, na haukuwa na kitu ndani.

"Umeniita kwa jina langu," alisema. "Nimekuja. Nipe mtoto nimpakate."

Sekela alimkaza Lilian kifuani kwa nguvu zake zote, lakini mtoto alikuwa ameshaanza kucheka, na alikuwa amemnyooshea babu yake mikono miwili.